Saa Tatu za Asubuhi

Bwenini, Muheza
9 Februari 2025

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitanda cha juu, na chini yangu Queen anapiga pasi sketi juu ya blanketi. Mafua niliyokuja nayo yamekwisha. Mjomba Ibrahimu alikuja Jumapili kunitazama, akasema nyumba ya Nguvumali imepakwa rangi ya samli na mkewe haipendi. Sasa nambie ya huko Moa. Shemeji Sele na pikipiki yake wanapatana? Mama mkwe wako, Bi Mwanahamisi, umwamkie kwa niaba yangu kwa heshima zote, maana bado namwogopa kidogo.

Barua yako ya Januari nimeisoma mpaka imelainika kwenye mikunjo. Nina sahihisho moja, usinikasirikie. Umeandika kwamba siku ile ya mvua mlikaa njiani "masaa matatu". Mwalimu Asheri anayetufundisha Kiswahili anasema hakuna neno masaa. Saa ikiwa moja ni saa, zikiwa kumi ni saa. Huliandika "masaa" ubaoni kisha hulikata kwa chaki nyekundu kama anachinja kuku. Kwa hiyo sema "saa tatu". Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, nami nataka uandike vizuri kuliko watu wote wa Moa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tunafunga shule mwisho wa Machi, na Idd itaangukia humo humo. Tangu Mama afariki hatujala Idd mbalimbali. Mwaka jana ulikuja wewe Nguvumali. Mwaka huu naomba nije mimi. Nitalala hata jikoni.

Barua hii anakuletea Idarusi muuza machungwa. Mpe jibu atakaporudi huku kuchukua mzigo.

Mdogo wako,
Nasma


Moa
4 Machi 2025

Mdogo wangu Nasma,

Marahaba. Ramadhani imetukuta salama. Sele hajambo, pikipiki ndiyo mgonjwa. Mama mkwe nimemfikishia salamu zako, akasema, "Huyo anaamkia kwa barua. Akija ana kwa ana atanyamaza." Ndivyo anavyopenda watu, usijali.

Somo la mwalimu wako nimelishika. Saa tatu. Nimemsahihisha na Sele, naye akaniuliza kama nimeajiriwa na serikali.

Ila Idd usije. Nyumba ina wageni wa upande wa Sele, na wewe una masomo. Kaa na mjomba, kula pilau ya mkewe, useme tamu hata ikiwa si tamu. Nitakuja mie siku nyingine.

Usishangae mwandiko. Kalamu mbaya.

Dada yako,
Zuwena


Nguvumali, Tanga
5 Aprili 2025

Dada Zuwena,

Shikamoo. Idd tumeila salama. Mjomba alinipeleka sokoni nikachagua viatu, mkewe akanipaka hina. Pilau ilikuwa tamu kweli, wala sikulazimika kusema uongo. Nilipomaliza kula nilikwenda uani nikajifanya naosha sufuria.

Idarusi alipita hapa juzi. Nilimuuliza habari zako, akasema, "Dada yako nimempa mfuko wa machungwa, akaupokea kwa viganja kama anapokea mtoto mchanga. Nikamwambia, shika mikono ya mfuko. Akacheka, hakushika." Nikamuuliza kama mna wageni. Akaniuliza, "Wageni gani?"

Barua yako ya mwisho nimeiweka kando ya zile za mwaka jana. Dada, si kalamu. Kalamu mbaya hukwaruza, au wino hukatika. Herufi zako zimekuwa kubwa kama za mtoto wa chekechea, na matumbo ya herufi umeacha kuyafunga. Zamani uliandika kama unashona.

Kama hutaki tu nije, niambie hutaki. Nitalia siku moja, kisha nitasoma. Lakini kama ni mikono, naomba uniambie. Shule inafunguliwa wiki ijayo, kwa hiyo jibu lije Muheza.

Nasma


Moa
11 Mei 2025

Mdogo wangu,

Barua yako niliipata zamani, ila machungwa yaliadimika na Idarusi hakupita tena mpaka leo. Masika imetuchapa huku, mihogo imeoza ardhini. Sele anakusalimu sana. Siye huku wazima.

Nimeandika "wazima" kwa mazoea. Mie si mzima, Nasma.

Ilianza Novemba kwenye vidole vya mikono yote miwili, pale kwenye konzi, kwenye mashina ya vidole, na kwenye viungo vya katikati. Kisha vifundo vya mikono. Sasa hata nyayo. Nikishuka kitandani naona kama nakanyaga kokoto. Viungo vimevimba, vina joto, na ukivibonyeza ni laini. Lakini alfajiri ndiyo balaa. Naamka kwa adhana na vidole havikunji. Siwezi kufunga kanga. Siwezi kuwasha kiberiti. Jua likipanda vinaachia kidogo kidogo, na mchana napika, nafua, nacheka na watu. Sasa nani atamwamini mwanamke anayeumwa alfajiri na kupona adhuhuri?

Mama mkwe ananiita Mwali wa Jua. "Mwali wa Jua, uji ushapoa! Mwali wa Jua, kuku wameamka, wewe bado!" Kwanza alisema kwa mzaha.

Usidhani hakunijali. Ameniumika kwa chuku, amenikanda kwa mafuta ya nyonyo, amenifukiza mpaka nikakohoa. Wote huku wanasema ni baridi yabisi, kisha wanasema baridi yabisi ni ya wazee, na mie nina miaka ishirini na mitano. Basi ni uvivu.

Mwezi wa tatu alinipeleka zahanati moja. Mganga akauliza, "Asubuhi mikono inakaza saa ngapi?" Nikamjibu, "Saa tatu." Nilisema vizuri, kama ulivyonifundisha. Akasema, "Ahaa, saa tatu ushapiga kazi, viungo vimechoka. Kazi imekuzidi, dada." Akanipa dawa ya maumivu, akaniambia nisiguse maji ya baridi. Mama mkwe alikuwepo. Njia nzima alimweleza kila tuliyekutana naye: "Ugonjwa wake una miadi! Ikifika saa tatu, watu wakishika majembe, nao unaamka!" Watu wakacheka, nami sikuelewa wanacheka nini.

Sasa amemwambia Sele kwamba baada ya Idd ya Kuchinja nirudishwe kwa mjomba mpaka nijue kuamka. Sele hajasema ndiyo wala hapana. Wewe wajua mwanamke akirudishwa hivyo mambo yanaishia wapi.

Usimwambie mjomba. Kwenye simu nisingeweza kukueleza haya, kuta za huku zinasikia. Na kwa ajili hiyo nilikukataza usije. Sikutaka unione sijafunga kanga.

Zuwena


Bwenini, Muheza
25 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo, na pole. Siku zote hizo nilidhani umeolewa ukanisahau. Nisamehe kwa kudhani hivyo.

Leo ilikuwa siku ya wazazi. Mjomba hakuweza kuja, lakini mama yake Queen alikuja. Anaitwa Daktari Praxeda, naye hutibu viungo katika hospitali kubwa mjini Tanga. Queen alinisukuma mbele yake, nikiwa na machungwa mkononi. Nikamwambia nina swali kuhusu mtu mmoja ambaye vidole vyake vimevimba.

"Mtu huyo ni nani yako?"

"Ni mtu tu, daktari."

"Mtu tu, na machozi yote hayo? Kaa chini. Lete hayo machungwa, tumenye tukiongea."

Nikamsimulia barua yako yote, isipokuwa ya mama mkwe. Nilipofika kwenye zahanati akaacha kumenya. Akaniuliza, "Huyo mtu wako alisema saa tatu ya ukutani, au saa tatu za kuhesabu?"

Dada, hapo ndipo nilipoelewa. Wewe ulisema muda, tangu adhana. Yeye alisikia saa ya watu kuwa shambani. Ungesema "masaa matatu" angekuelewa papo hapo. Neno lako lilikuwa zima, nami nikakunyang'anya. Jioni nilimuuliza Mwalimu Asheri mgonjwa afanyeje. Akafikiri sana, akasema, "Aseme kwa muda wa saa tatu." Nikamuuliza, na kama anaumwa, hana nguvu ya kusema maneno yote hayo? Akaniambia niketi.

Daktari anasema tunaita baridi yabisi kila kiungo kinachouma, na kumbe ni magonjwa mengi. Upo ule wa kuchakaa, ambao huwapata zaidi watu wazima, magotini na nyongani. Huo huuma zaidi mtu akishafanya kazi, na asubuhi kiungo hukaza kidogo tu, haipiti nusu saa. Ipo jongo, ambayo huja ghafla usiku, mara nyingi kwenye dole gumba la mguu, likawa jekundu, lisivumilie hata kuguswa na shuka. Na upo wa tatu, ambao kinga ya mwili wenyewe inakosea inashambulia viungo. Huo hupenda viungo vidogo, vya pande zote mbili, na asubuhi hukaza kwa muda mrefu, saa nzima na zaidi. Nikamuuliza kama ni wa wazee. Akasema, "Nina wagonjwa wa umri wako."

Hakusema kwamba ndio ulio nao. Alikataa kabisa kusema bila kukuona. Lakini ameniagiza nikuulize: mtu akikushika mkono na kukubana konzi, hata kwa upole, unaumia? Unachoka bila kazi? Umepungua? Kuna mtu katika ukoo aliyepinda vidole?

Na amesema usingoje. Viungo vikiachwa vimevimba muda mrefu, mifupa huliwa, na kilicholiwa hakirudi. Njoo Tanga, Dada. Njoo mapema.

Wako,
Nasma


Moa
10 Juni 2025

Nasma,

Marahaba, mwanangu. Idd ya Kuchinja imepita na bado nipo. Sele alimwambia mamaye, "Tungoje kidogo." Tungoje nini hakusema.

Usilie kwa ajili ya neno. Nililitumia mwenyewe kwa kinywa changu, na lilinifurahisha. Nilijiona kama nimekaa dawati moja nawe.

Majibu ya daktari wako. Nikibanwa konzi naona nyota. Nachoka hata nikikaa. Nimepungua, gauni la harusi sasa lanizunguka. Na huko kwetu, je, wewe huikumbuki mikono ya Mama? Ulikuwa mdogo. Mie nakumbuka akikuna nazi amebana mbuzi kwa magoti, na kifuu amekishika kwa kiganja, vidole vimelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na maji. Tulidhani ndivyo alivyozaliwa.

Nimemsomea mama mkwe kipande cha barua yako, kile cha magonjwa matatu. Akasema, "Mie nna baridi yabisi ya goti mwaka wa kumi huu. Likikaza asubuhi natia hatua mbili tatu limekwisha. Mbona mie naamka?" Hasemi uongo, Nasma. Anapima mikono yangu kwa goti lake.

Tanga siwezi kuja. Nikitoka hapa na begi, begi ndilo litakalosemwa. Nikipanda gari tu watasema amekwenda mwenyewe, na mlango utafungwa nyuma yangu. Afadhali niumwe nikiwa ndani.

Zuwena


Nguvumali
17 Juni 2025

Dada Zuwena,

Shikamoo. Tumefunga shule, nimekuwa wa tatu darasani. Nimepewa chumba kilekile cha uani, na mti wa mpapai umefika dirishani.

Nimemwambia mjomba. Ulisema nisimwambie, lakini mimi sikujibu kwamba sitamwambia. Aliikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha mkewe, ambaye nilidhani hasikilizi, akasema, "Zuwena asije. Aje mkwewe."

Sikiliza walivyopanga. Mjomba atampigia Sele simu, aseme amesikia mama ana goti, na kwamba hapa ni karibu na hospitali, na kwamba tangu mfunge ndoa mkwe hajawahi kula kwetu, jambo ambalo ni aibu kwetu. Atamwalika rasmi. Mwaliko wa wakwe Bi Mwanahamisi hataukataa, wewe unamjua. Na mwanamke mtu mzima hasafiri peke yake. Utamsindikiza wewe. Begi litakuwa lake.

Mjomba amekwenda hospitali kuomba nafasi kwa wote wawili. Mmepangiwa Jumatano, tarehe 16 Julai. Daktari Praxeda amesisitiza mlale hapa, mfike kliniki mapema kabisa, ili auone mkono wako kabla jua halijaulegeza.

Niliomba tarehe ya karibu zaidi. Hakuna. Shule inafunguliwa tarehe 8. Utalala kitandani kwangu, Dada, nami sitakuwepo. Nimekutandikia shuka la bluu. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu jambo hilo.

Nasma


Nguvumali
17 Julai 2025

Nasma wangu,

Nakuandikia juu ya kitanda chako. Ni alasiri, vidole vimefunguka, kwa hiyo nitaandika mpaka vichoke. Mama mkwe anajadiliana na mke wa mjomba kuhusu rangi ya nyumba, wote wawili hawaipendi, wamekuwa marafiki.

Jana tulifika kliniki taa za nje hazijazimwa. Nilikuwa nimefungwa kanga na mke wa mjomba, imebanwa na pini. Tulipoingia, daktari alimwamkia mama mkwe shikamoo, akanipa mie mkono. Nilishindwa kuupokea. Nikatoa kifundo. Akakishika kwa vidole viwili kama anashika yai.

Akauliza, "Asubuhi inakaza kwa muda gani?"

Nikasema, "Masaa, daktari. Masaa matatu. Mwalimu wa mdogo wangu anisamehe."

Akacheka sana. "Hapa tunaruhusu masaa."

Mama mkwe akageuka. "Kumbe si saa tatu ile ya watu kuwa shambani?"

"Hapana, Mama. Tangu adhana mpaka jua liwe kali."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama."

Daktari akanigusa kiungo kimoja kimoja, mikono, viwiko, magoti, vidole vya miguu, akawa anaita na msaidizi anaandika. Aliponibana konzi nikapiga ukelele, na mama mkwe akasema, "Taratibu, we binti!" Alimwambia daktari hivyo!

Kisha mama mkwe akauliza kile alichokuwa amekishikilia. "Mbona langu goti likikaza laachia kabla sijafika chooni?"

"Kwa sababu lako si hili, mama." Daktari akamwinamia, akaweka kiganja juu ya goti, akalikunja na kulikunjua. Likalia. "Sikia linavyosaga. Ile nyama laini inayotenganisha mifupa imechakaa. Ni umri, ni mizigo uliyobeba, na ni mwili umeongezeka."

"Mwili huu nimeutafuta, mwanangu."

"Basi tutaupunguza kidogo tu. Nyie wawili mna magonjwa mawili, na mmeazima jina moja."

Nilipimwa damu na kupigwa picha ya mikono. Majibu yalirudi mchana. Ni ule wa tatu, Nasma. Kwenye picha alinionyesha mfupa wa kidole cha pete, ukingo wake umelika kama sabuni iliyoachwa majini. Nilimuuliza kama utarudi. Akasema hapana. Akasema tumekuja kuokoa vilivyobaki, na vilivyobaki ni vingi.

Dawa inaitwa methotrexate. Inamezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na alinirudisha mlangoni nimwambie tena, "Mara moja kwa wiki." Nimechagua Jumatatu. Ijumaa nitameza foliki, ile wanayopewa wajawazito. Kwa wiki za mwanzo kuna kidonge kingine cha kutuliza uvimbe haraka, nitakipunguza kama alivyoandika. Nitapima damu mara kwa mara, maana dawa inaweza kugusa ini na damu yenyewe. Nikipata homa au vidonda mdomoni nisingoje. Na ameonya kwamba dawa kubwa haifanyi kazi leo wala kesho. Ni wiki nyingi. Nisiikatie tamaa, nisiiache.

Mama mkwe kapewa mazoezi ya paja, kwa sababu paja likiwa na nguvu ndilo linalobeba goti, na fimbo ashike mkono wa upande wa mguu mzima. Fimbo ameikataa. Paja amekubali.

Hakuniomba radhi, usilingoje hilo. Lakini kwenye dirisha la dawa palikuwa na msongamano, akapasua watu kwa kiwiko. "Mpisheni mwanangu, asubuhi hajiwezi." Watu wakapisha. Hakusema mwali.

Kuna jambo moja alilosema daktari ambalo siliandiki.

Mto wako una harufu yako. Nililala nimeupa uso.

Zuwena


Nguvumali
14 Septemba 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Tuko likizo fupi. Barua yako ilinifikia Muheza Agosti, nikamsomea Queen pale mama yake alipotajwa. Akajidai wiki nzima.

Mjomba amesema ulikuja tena wiki iliyopita kupima damu, ukalala usiku mmoja. Mimi nimefika Ijumaa. Nimekuta pini ya kanga chini ya mto na unywele wako mmoja kwenye shuka. Sijalifua shuka. Mke wa mjomba ananicheka.

Mjomba anasema mikono bado. Anasema ulishika kikombe kwa viganja. Je, wiki nyingi ndizo ngapi? Nilimuuliza Daktari Praxeda alipokuja kumtazama Queen, akasema, "Zikipita tatu, mwambie angoje. Zikipita sita, mwambie angoje. Zikifika kumi na mbili bila nafuu, mlete, dawa zipo nyingine." Basi nakuambia, ngoja. Mimi pia nangoja, na sijui kungoja vizuri.

Lile jambo usiloliandika limenikosesha raha. Nina miaka kumi na sita. Kama linahusu mikono yako, linanihusu. Kama linahusu mikono ya Mama, kwamba na mimi inaweza kunifika, hilo nimeshamuuliza daktari. Amesema inawezekana lakini si lazima, na nikiona viungo vimevimba niende mapema. Siogopi. Niambie.

Nasma


Moa
26 Oktoba 2025

Mdogo wangu Nasma,

Marahaba. Vuli imeanza, embe zimejaa, Sele amenunua tairi. Mama mkwe anapanda na kushuka kiti kila asubuhi kwa ajili ya paja lake, anahesabu kwa sauti mpaka majirani wanahesabu naye. Goti limepungua makali.

Nami nafuu imekuja, polepole mno hata sikuiona ikiingia. Siku moja nilijikuta nimewasha kiberiti. Nikakizima, nikawasha kingine. Nilimaliza nusu ya kasha la kiberiti, Sele akadhani nimepatwa na wazimu. Ugumu wa alfajiri upo bado, ila si ule. Kidole cha pete kimebaki kimepinda, na ndivyo kitakavyokuwa. Daktari ameongeza dawa kidogo, damu iko salama.

Anayeniamsha sasa ni mama mkwe. Huja kabla ya adhana na beseni la maji ya vuguvugu, analiweka, anakaa. Natia mikono humo, naye anatazama vidole vikifunguka, kama mtu anayetazama maziwa yasifurike.

Sasa lile jambo. Sikuliandika kwa sababu wewe hujaolewa, na kwa sababu likiandikwa linakuwa kweli. Dawa hii haipatani na mimba. Humdhuru mtoto. Nikiwa ninaimeza sitakiwi kushika mimba kabisa. Miaka miwili nimeolewa, na kila mwezi mama mkwe alikuwa akinitazama tumbo. Daktari alisema yote haya mbele yake. Akasema mikono ikitulia vya kutosha tutabadilisha dawa, tungoje miezi, ndipo tujaribu, tena chini ya macho yake. Nilidhani siku ile ndiyo mwisho wangu katika nyumba hii. Tuliporudi, Sele alitoka nje na mamaye, wakaongea uani. Sikusikia. Kuta zinazosikia kila kitu siku hiyo zilikuwa viziwi. Aliporudi ndani Sele akasema, "Mikono kwanza. Mtoto atabebwa na nini?" Nikalia mpaka nikachoka.

Mtoto namtamani, Nasma. Usiku mwingine nampa na jina. Basi, nimesema.

Likizo ya Desemba njoo. Usije kwa siku moja, wala usije mchana ukanikuta nimeshajipanga. Njoo ulale chumba kimoja nami, uniamkie alfajiri. Nilikuficha saa zangu mbaya mwaka mzima, na kumbe ndizo nilizokuhitaji.

Zuwena


Bwenini, Muheza
23 Novemba 2025

Dada Zuwena,

Shikamoo. Mitihani imeisha. Queen amelala na viatu. Mwambie Bi Mwanahamisi nikija nitamwamkia kwa mdomo, na nitahesabu naye.

Barua yako nimeisoma peke yangu nyuma ya bweni. Sina neno la kusema kuhusu mtoto. Nilitafuta, nikaona yote niliyofundishwa ni madogo. Nimekaa tu nikamtamani pamoja nawe, ili usimtamani peke yako.

Tunafunga tarehe 5 Desemba. Mjomba atanipandisha gari asubuhi yake. Nikifika Moa nitakuwa na vumbi na njaa, na najua utataka kukimbia kunipokea. Kimbia. Lakini siku itakayofuata, adhana ikilia, usiinuke. Usijikaze kwa ajili yangu, wala usijifiche. Mwombe mama beseni siku hiyo anipe mimi. Nitachemsha maji, nitaingiza kidole kwanza nione hayachomi, kisha nitakaa sakafuni kando ya kitanda chako na kukushikia mikono humo ndani mpaka ifunguke, hata kama kutakucha.

Nasma